Konda wa Mtaa wa Sikukuu

Ndugu msomaji, kama ulikulia Kariakoo kwenye miaka ya themanini au tisini, yawezekana kabisa ulipata kumwona mjomba wangu. Kijana mrefu, anatembea kwa ncha za vidole, shingoni kajifunga kanga ya mama yake hata jua liwake vipi, anapita Mtaa wa Sikukuu akipaza sauti: "Mwenge Kariakoo, Mwenge Kariakoo! Wawili wa mwisho, twende!" Gari hana, abiria hana. Wageni wa mjini walikuwa wakimfuata wakidhani kweli kuna daladala imejificha uchochoroni, na sisi watoto tunakufa kwa kicheko. Mtaa mzima ulimwita Konda. Mimi mpaka naanza darasa la kwanza sikujua kama ana jina jingine.

Historia ya Kariakoo tumeisoma wote. Tunajua kwamba jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza wakati wa vita ya kwanza, waliopiga kambi hapa. Tunajua habari za TANU, za Simba na Yanga, na za soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Ya mtu kama Konda sijaiona popote. Basi acha niiandike mimi, maana nyumba aliyozaliwa haipo tena na walioishi naye wanapungua.

Alizaliwa mwaka 1972. Bibi alikuwa anauza ndizi na mchicha, na soko jipya lilipofunguliwa akabahatika kupata kizimba. Anasimulia kwamba mtoto alikuwa mzima, anaita "mama", anaita paka, anacheka na kila mtu. Alipokaribia miaka mitatu ikaja homa kali, ikafuatiwa na degedege. Wazee wakakataza sindano, kwa imani ya siku zile kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Akafukizwa mavi ya tembo, akafungwa hirizi. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali, hajitambui. Akapona. Lakini aliyerudi nyumbani, kwa maneno ya bibi, "alikuwa mwanangu kwa sura tu." Hasemi, haitiki, hamwangalii mtu usoni. Anakaa uani anazungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima.

Sasa hapo ndipo midomo ya mjini ilipoanza. Wengine wakasema mapepo, wengine zezeta, wengine bubu. Ila neno lililomkata bibi maini lilitoka sokoni. Kizimba chake kilikuwa kinauza, na mama mwenye biashara inayokwenda halafu mtoto wake hana akili, watu walishajua jibu: kaitoa akili ya mwanawe kafara! Alilisikia neno hilo kwa masikio yake kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akimkopesha chenji kila asubuhi. Miaka mingi baadaye ungemkuta bado anajitetea, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Hebu tuvuke bahari kidogo, maana nimegundua jambo lililonishangaza. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliokuwa wamejifungia katika dunia yao. Wapo waliorudia maneno ya watu neno kwa neno kama kanda ya kaseti, na walioangua kilio kitu kikiondolewa mahali pake. Huo ndio mwanzo wa jambo hili kujulikana kitabibu kama tunavyolijua. Lakini madaktari wale nao wakatafuta wa kumlaumu, wakampata mama. Kanner aliandika kuhusu wazazi baridi wasio na joto la upendo, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim akatoa kitabu kizima kilichosukuma lawama hiyo mbele zaidi. Yaani wakati bibi yangu anaitwa mchawi Kariakoo, mama wa Chicago alikuwa anaitwa jokofu. Tofauti ni kwamba aliyemwita huyu wa Chicago alikuwa msomi.

Lawama hiyo ilibomoka polepole. Pigo moja kubwa lilikuja mwaka 1977, pale Susan Folstein na Michael Rutter walipochunguza jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Katika mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na hali hiyo. Katika wasiofanana, jozi 10, hakuna hata moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ni maumbile, ni urithi wa damu. Malezi baridi hayakuwa na kesi.

Na huku kwetu? Mjerumani alifungua nyumba ya wagonjwa wa akili Lutindi, kule Usambara, mwaka 1904. Mwingereza akaja na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Zote zilikuwa za watu wazima "waliochanganyikiwa", si za mtoto anayezungusha kifuniko. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya kuwatafuta watoto wa aina hii katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika. Kenya ilikuwamo. Tanzania hapana. Mwaka huo Konda alikuwa na miaka sita.

Mwaka uliofuata bibi alimpeleka shule. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Msingi kwa Wote, kila mtoto lazima aandikishwe. Alidumu siku tatu. Kengele ilipolia aliziba masikio akapiga yowe mpaka darasa likasimama. Mwalimu akamrudisha na ujumbe kwamba shule si kliniki. Tangu hapo, bibi akienda sokoni alimfunga mguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya uani. Naliandika hili huku mkono ukisita, maana bibi yangu nampenda. Lakini asingemfunga angegongwa na gari, na asingekwenda sokoni wangelala njaa wote.

Kilichomfungulia Konda mlango ni daladala, amini usiamini. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, yaani "dala", na mji ukajaa wapiga debe. Kijana wa miaka 11 ambaye hakuwa ametamka neno kwa miaka minane akaamka asubuhi moja akaita ruti, kwa sauti ya mpiga debe mwenyewe, na mkwaruzo wake. Bibi alilia. Baadaye zile ruti zikawa lugha. Akiwa na njaa anasema "Kariakoo". Akitaka kulala, "Mwisho wa gari". Akichoka na wageni, "Shusha!" Familia tulimwelewa vizuri kabisa.

Na mtaa nao ukajifunza. Nyumba zetu zilikuwa zile za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Maisha yote yalikuwa nje, kwa hiyo Konda alionekana na kila mtu kila siku. Muuza kahawa alijua kwamba anakunywa nusu kikombe, kikijaa anamwaga. Fundi cherehani alijua asimguse begani. Siku ya Simba na Yanga, kelele zikizidi, watu walimwachia nafasi chini ya meza ya fundi akae mpaka zipungue. Hakuna aliyewafanyia semina. Sisemi kwamba palikuwa peponi, tafadhali. Watoto tulimtupia kokwa za maembe, na mimi nilikuwamo. Ila kwa mambo yake madogomadogo mtaa ulimjua kuliko daktari yeyote.

Mwaka 2009 nyumba ikauzwa, mirathi, si unajua mambo ya ndugu. Tukahamia Mbagala. Kiwanja kikaota ghorofa. Mwaka 2011 Konda alitoroka, akapanda gari la Kariakoo, akashuka, akaenda moja kwa moja hadi pale mlango wetu ulipokuwa. Pamekuwa duka la vitambaa. Yeye akapita nyuma ya kaunta kutafuta ukumbi wa kwenda uani. Ukelele ukapigwa: "Mwizi!" Msomaji, hilo neno unalijua Kariakoo linafanya nini. Walishamvua shati, mmoja kashika tofali, wanamuuliza jina lake na yeye anajibu "Mwenge Kariakoo", wanaona anawadhihaki. Aliyemwokoa ni yule muuza kahawa, mzee sasa, aliyepenya katikati na birika lake la moto akipiga kelele: "Huyo Konda! Mtoto wa hapahapa huyo!" Mimi nilifika nikakuta kakalishwa kwenye ndoo, damu puani, mbele yake nusu kikombe.

Neno usonji tulilisikia miaka mitatu baadaye, 2014, daktari alipoliandika kwenye karatasi. Wengine husema tawahudi, wengine otizimu. Konda ana miaka 42, ndiyo anapata jina! Nilianza kusoma kama mwehu, na nikakutana na kazi iliyofanyika humuhumu nchini, ikachapishwa mwaka 2006. Watafiti, akiwamo Noah Ndosi na yuleyule Susan Folstein wa mapacha, waliwachunguza watoto 20. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wakikua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha wakapata malaria kali yenye homa na degedege, na walipopona usonji ukaonekana. Kwa wengine wanne ugonjwa na usonji vilikaribiana lakini haikuwa wazi. Kwa saba hapakuwa na dalili yoyote ya maradhi kuhusika. Ni watoto wachache, na hakuna anayedai kwamba malaria ndiyo chanzo cha usonji wote. Hata Konda siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake.

Nilimsomea bibi usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Nilimtafsiria taratibu. Akanyamaza sana. Halafu akauliza, "Mume wangu, hapo kwenye hiyo karatasi, wamesema mama alifanya nini?"

Nikamwambia hawajasema mama alifanya lolote.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena.

Siku hizi mambo yamesogea. Umoja wa Mataifa uliitenga Aprili 2 kuwa siku ya usonji duniani, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, hapo Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kutoka nyumbani kwetu Sikukuu ungekwenda kwa miguu. Nikipita nawatazama wale watoto na sare zao, na sijui nisikie furaha au wivu. Ninachokiogopa ni kwamba neno tumelipata wakati baraza hatuna. Fulana ya bluu nimeivaa na mimi, lakini mwenye duka la vitambaa hajui kuhusu nusu kikombe.

Kwa hiyo kila Jumamosi nampeleka. Amepita hamsini, kanga bado iko shingoni. Tunazunguka Sikukuu, Narung'ombe, Congo, namtambulisha duka kwa duka: huyu mjomba wangu, anaitwa Konda, usimguse begani, akiita ruti mwitikie tu. Wengine wananiona nimechanganyikiwa mimi. Kijana mmoja anayeuza chaja za simu alimuuliza juzi, "Konda, gari inaenda wapi?"

Mjomba akamtazama viatu, akafikiri kidogo.

"Mwenge Kariakoo. Mmoja wa mwisho."

Kijana akasogea, akampisha kwenye benchi.