Makonyo

Karafuu ikishachambuliwa, mkononi hubaki vijiti. Kwingine kikonyo ni cha ua au tunda lolote. Pemba ukisema makonyo, bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni ya karafuu. Hata kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huitwa cha makonyo, ingawa kinachotoka humo ni mafuta: vijiti hupigwa mvuke, mvuke ukapozwa, mafuta yakajitenga na maji. Nalipenda jina hilo lililong'ang'ania kijiti. Mafuta yenyewe ni makali, yamejaa eujenoli. Tone moja kwenye pamba hutia jino ganzi; yakiwa matupu huunguza ufizi, kwa hiyo yazimue kwa mafuta ya nazi, na kichupa kikae mbali na watoto.