Tuyachome au tusiyachome 'mafuta ya usiku wa manane'?

Katika insha ambazo nimesahihisha, kuna sentensi isiyokosa: 'Nilichoma mafuta ya usiku wa manane hadi nikapita mtihani.' Mwanafunzi ameitafsiri sisisi nahau ya Kiingereza 'to burn the midnight oil'. Waingereza nao waliitoa wapi?

Chimbuko ni taa. Plutarch anasimulia kwamba Pytheas alimkejeli Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, akidai hoja zake zinanuka utambi. Yaani zilipikwa usiku kucha badala ya kumtoka papo hapo. Demosthenes alimjibu kuwa taa zao wawili hazikushuhudia mambo sawa. (Hapo Pytheas alipatikana!) Bidii, basi, ilianza kwa kusimangwa.

Katika Kiingereza, mshairi Francis Quarles aliyataja mafuta hayo mwaka wa 1635 kwenye kitabu chake 'Emblemes', naye John Gay akayataja tena mwaka wa 1727. Ajabu ni kwamba hakuna aliyetumia kitenzi 'burn'. Quarles alitumia 'spend', Gay akatumia 'consume'. Vitenzi vilibadilika ila usiku ukabaki palepale, na ndio unaoongoza matumizi sahihi. Anayeandika kwa Kiingereza kuwa mkulima 'burns the midnight oil' kwa kurauka alfajiri kwenda shambani amekosea, hata mkulima huyo awe na bidii ya mchwa. Aidha, 'the' haidondoshwi.

Tukirudi kwa Kiswahili, ukisema 'kuchoma mafuta' msikilizaji atafikiria petroli kwanza. Wengi wetu tulisomea kwenye koroboi, lakini lugha yetu haikuyajali mafuta. Ilijali usingizi tuliojinyima. Ndiyo maana tunasema 'kukesha'. Hata hivyo, kitenzi hiki peke yake hakitoshi kwa sababu watu hukesha matangani na kwenye ngoma pia. Mwandishi hana budi kusema mtu alikesha akifanya nini: 'alikesha akidurusu'.

Kwa bidii isiyofungamana na usiku tuna 'kutolaza damu' na 'kujifunga kibwebwe'. Kibwebwe ni nguo ambayo mwanamke hujifunga kiunoni anapojiandaa kwa kazi au ngoma. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanamume hujifunga masombo. Nakubaliana nao, japo magazetini kibwebwe kimeshafungwa na kila mtu, wakiwemo makocha wa kandanda.