Mchanganyiko wa mbegu za kurejesha uoto machimboni

Mchanganyiko wa mbegu za kurejesha uoto ni mbegu za nyasi, mikunde, vichaka na miti zinazopandwa pamoja katika ardhi iliyochimbwa madini, mawe au moramu, ili ifunikwe tena na mimea. Makala hii inahusu hasa nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika wilaya za Kibondo na Kasulu, magharibi mwa Tanzania.

Hali ya eneo

Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Kiangazi hufuata, na mioto ya nyika ni ya kawaida. Uoto wa asili ni misitu ya miombo. Maji mengi ya eneo hili huelekea mto Malagarasi, unaoingia katika Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Kwa hiyo shimo lililoachwa wazi si hasara ya mwenye shamba peke yake, kwani udongo wake huishia mitoni.

Udongo wa juu

Kabla ya kuchimba, udongo wa juu huwekwa kando ili urudishwe baadaye. Ndani yake mna mbegu, vipande vya mizizi na kuvu. Miti ya miombo ya jenasi *Brachystegia* na *Julbernardia* hutegemea kuvu wanaoishi mizizini, ambao baadhi yao hutoa uyoga unaoliwa. Miti hiyo pia huchipua sana kutoka visiki na mizizi. Hakuna mbegu za kununua zinazoweza kuchukua nafasi ya udongo huo.

Makundi ya mimea

Kila kundi lina kazi yake na wakati wake:

* Nyasi kama ukoka (*Cynodon dactylon*) hushika udongo kuanzia msimu wa kwanza. Zikizidi, hunyima miche mwanga na maji, na kiangazi huwa kuni za moto.
* Mikunde ya muda mfupi kama marejea (*Crotalaria ochroleuca*) na mbaazi huongeza nitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na majani yake huwa mbolea.
* Miti inayokua haraka, kama migunga, hutoa kivuli. Mbegu zake zenye ganda gumu humwagiwa maji ya moto, kisha huachwa zilowe usiku kucha.
* Miti ya kudumu kama mninga (*Pterocarpus angolensis*) hukua polepole na hufuata baadaye.

Mbegu za miti hukusanywa katika misitu ya jirani au hununuliwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Mimea vamizi

Kuota haraka si sifa ya kutosha. *Senna spectabilis*, mti kutoka Amerika ya kitropiki, umevamia sehemu za Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, katika mkoa huohuo wa Kigoma. *Lantana camara* nayo huenea vibaya. Mimea ya namna hii haifai kuwekwa katika mchanganyiko.

Mfano wa Bamburi

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, Kenya. Kati ya spishi 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili, mvinje (*Casuarina equisetifolia*) ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka jongoo walipoletwa kuyala na kuyageuza kuwa mboji. Leo sehemu ya machimbo hayo ni Haller Park.

Mvinje ni mti wa pwani, na Bamburi ni ardhi ya chokaa, kwa hiyo orodha ya miti ya huko haifai kunakiliwa Kasulu au Kibondo. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wake: kujaribu spishi nyingi katika vipande vidogo, kuangalia zinazovuka kiangazi, kisha kupanda eneo zima.

Kupanda na kutunza

Ardhi iliyoshindiliwa na mitambo hulimwa kwanza kwa kufuata kontua. Mbegu husiwa mvua zinapoanza kukolea. Mifugo huzuiwa, na barabara za kuzuia moto hufyekwa kabla ya Juni. Mapengo hupandwa tena msimu unaofuata.