Kengele ya Watawa Nyumbani Mwetu

Somo: Danieli 6:10



Sisi Waprotestanti tukisikia habari za watawa, mara nyingi twatikisa kichwa. Twasema, "Hao ni watu waliokimbia dunia. Sisi tuna shamba, tuna watoto, tuna karo ya shule." Lakini kila Mwanglikana afunguaye Kitabu cha Sala asubuhi ameshika mkononi kitu kilichotoka katika nyumba ya watawa.

Yapata mwaka 529 mtu aitwaye Benedict alijenga nyumba ya watawa juu ya mlima wa Monte Cassino, katika nchi ya Italia. Aliwaandikia ndugu zake Kanuni yenye sura 73. Tukiisoma twashangaa, maana mengi yake ni mambo ya nyumbani kabisa: chakula, usingizi, zamu ya jikoni, wagonjwa, wageni na vyombo vya kazi.

Jambo la kwanza ni sala. Watawa walisali mara saba mchana, kwa kufuata Zaburi 119:164, na mara moja usiku. Zaburi zote 150 zilimalizwa kila juma. Ishara ya sala ilipotolewa, mtawa aliacha kazi aliyoishika, hata kama haijakwisha, akaenda upesi. Mungu hakungojeshwa mpaka kazi iishe.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Benedict alifundisha kwamba uvivu ni adui wa roho, akapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Tena alimwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya madhabahu. Basi jembe na sufuria vikaheshimiwa pamoja na kikombe cha Ushirika.

Jambo la tatu ni mgeni. Kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, hasa aliye maskini, kwa kuwa tajiri huheshimiwa bila sisi kuagizwa.

Je, mambo haya yalitufikiaje? Mwaka 597 mtawa Augustine, aliyetumwa kutoka Roma, alifika Uingereza na wenzake yapata 40, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Canterbury. Karne nyingi zikapita. Kati ya miaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa, akatwaa mali yake. Lakini sala haikufungwa. Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitoa Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, lugha ya watu wenyewe. Zile nyakati nyingi za sala akazikusanya zikawa mbili, asubuhi na jioni, na Zaburi akazigawa zisomwe zote kwa mwezi mmoja. Kitabu cha mwaka 1552 kikamwagiza kasisi apige kengele kabla ya kuanza, ili wapendao waje kusikia Neno na kusali pamoja naye. Ndivyo kengele ya watawa ilivyohamia kijijini, ikamwita mkulima na fundi.

Nasi tuna la kukiri. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia, kengele ilituamsha alfajiri kwenda kusali, nasi tukanung'unika. Tulipopewa parishi, hapakuwa na wa kutupigia kengele. Kulikuwa na mikutano, mazishi na harambee. Tuliongoza sala za wengine, wala hatukupiga magoti na jamaa yetu. Jioni moja mama watoto akatuuliza kwa upole, "Baba, mbona waombea kila nyumba isipokuwa yetu?" Hatukuwa na jibu. Swali lile likawa kengele yetu.

Ndugu msikilizaji, saa za sala hazituokoi. Twaokolewa kwa neema, kama isemavyo Waefeso 2:8. Lakini mtu asiye na saa ya kusali, kwa kawaida hasali. Danieli hakuwa mtawa. Alikuwa mkubwa serikalini, mwenye kazi nyingi na maadui wengi, naye alipiga magoti mara tatu kila siku.

Basi jichagulie kengele yako. Labda ni wakati wa kuwasha moto asubuhi, au wa kufunga duka jioni. Wakati huo ukifika, simamisha mkono. Soma Zaburi moja, omba pamoja na walio nyumbani, kisha urudi kwenye jembe lako ukilishika kama chombo cha madhabahu. Na mtu akibisha hodi katikati ya shughuli, kumbuka ni nani huenda amesimama mlangoni.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala Nazareti na kusali mlimani usiku, utufundishe kuacha kazi kwa ajili yako, na kuirudia kwa ajili yako. Amina.