Meza

Meza ni samani yenye uso bapa na miguu, ya kulia chakula, kuandikia au kupangia bidhaa. Wingi wake haubadiliki: meza hii, meza hizi. Asili yake ni mesa ya Kireno, inayotamkwa karibu vilevile, iliyoingia Pwani baada ya Wareno kufika mwaka 1498 kama zilivyoingia bendera na leso. Wapo wanaoihusisha na mez ya Kiajemi, na hoja yao ina uzito, kwani biashara na Uajemi ilitangulia kuja kwa Wareno. Lakini neno la kigeni linaloishia kwa z aghalabu huongezewa i, kama lauz ya Kiarabu ilivyozaa lozi; basi kutoka mez tungetarajia mezi, si meza. Irabu a ya mwisho wa meza ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Kitenzi meza, cha kupitisha chakula kooni, ni cha Kibantu.