HOSPITALI ILIYOJENGWA KWA HISA ZA WAKULIMA

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wanachama watasoma mengi juu ya mazao, mizani na maghala. Walakini ushirika haukomi katika kuuza mazao. Wakulima popote wanapofikiri kujenga hospitali, swali la kwanza huwa: fedha zitatoka wapi? Swali la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni hili: nani watakaoketi kuipanga? Habari za wakulima wa Elk City, mji mdogo ulio magharibi ya jimbo la Oklahoma, Marekani, zatuonyesha kwamba swali hili la pili ndilo lililo kubwa.

Daktari Michael Shadid alizaliwa Lebanon mwaka 1882. Alihamia Marekani akali kijana, akachuuza vito ili apate karo, akahitimu udaktari mjini St. Louis mwaka 1907. Kwa miaka mingi aliwatibu wakulima wa Oklahoma. Aliona jinsi ugonjwa mmoja tu ulivyoweza kuitia jamaa nzima katika madeni, na jinsi watu walivyochelewa kwenda kwa daktari kwa kuogopa gharama, hata maradhi yakakomaa.

Mwaka 1929 aliwaita wakulima akawaeleza shauri lake. Hakuwaomba sadaka, wala hakuwaahidi zawadi ya mtu. Aliwataka wanunue hisa, kila moja dola 50. Jamaa 2,000 zikikubali, zingepatikana dola 100,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Kanuni zake zilikuwa nne. Kwanza, hospitali iwe mali ya wanachama, nao ndio wawachague wakurugenzi wake. Pili, madaktari wenye ujuzi mbalimbali wafanye kazi pamoja chini ya paa moja. Tatu, malipo yatolewe kabla ya ugonjwa, kwa ada ya kila mwaka. Nne, kuzuia maradhi kutangulie kuyatibu. Basi mambo ya uganga yaliachwa kwa madaktari, na mambo ya mali yakawa ya wanachama.

Majira yalikuwa mabaya. Bei ya pamba, iliyokuwa kama senti 16 za dola kwa ratili mwaka 1929, ilishuka chini ya senti 7 mwaka 1931. Fedha za hisa zikaja polepole. Hata hivyo Chama cha Wakulima cha jimbo hilo kiliunga mkono kazi ile, na mwaka huo huo wa 1931 hospitali ikafunguliwa. Hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya ushirika katika Marekani.

Upinzani haukukawia. Madaktari wengi wa mahali pale waliona kwamba malipo ya ada yatawanyang'anya riziki. Chama chao cha wilaya kilijivunja, kikakaa miezi sita, kisha kikaundwa upya pasipo Daktari Shadid. Ikafanywa jitihada ya kumnyima ruhusa ya kutibu, na madaktari aliowaita kutoka majimbo mengine wakatatizwa kupata leseni. Lau hospitali ile ingalikuwa mali ya mtu mmoja, ingalifungwa. Lakini wenye hisa walikuwa mamia ya wakulima, nao waliitetea kama mtu atetavyo shamba lake. Baada ya ugomvi wa miaka mingi, na kesi mahakamani, madaktari wa hospitali hiyo walikubaliwa katika chama cha wenzao.

Mfano huu ulienea mbali. Mwaka 1946 liliundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya afya, na Shadid akawa rais wake wa kwanza. Maneno yake yaliwatia moyo watu wa Seattle, ambao mwaka 1947 walianza ushirika wao wa matibabu. Nao ulidumu mpaka mwaka 2017, ulipotwaliwa na shirika kubwa zaidi. Shadid mwenyewe alifariki mwaka 1966.

Ndugu wanachama, tusidhani kwamba wakulima wale walishirikishwa kwa ajili ya heshima tu. Mtu aliyeulizwa tangu mwanzo, akatoa hisa yake, akamchagua mkurugenzi, hujua hospitali inagharimu nini, na hujua pia kwa nini alipe ada hali hana homa. Aliyeitwa siku ya kufungua mlango huja kama mgeni, na shida ikitokea hurudi kwake kimya. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba msingi wo wote, mkutano mkuu uulize mambo matatu: wagonjwa wetu wanahitaji nini hasa; kila mmoja ataweza kulipa nini katika mwaka wa mavuno mabaya; na nani atakayetutolea hesabu. Majibu yakiisha kuandikwa na kukubaliwa na wote, ndipo aitwe mwashi.