Ngiri wa Pumwani: Mnyama, Maradhi na Shilingi Elfu

Neno "ngiri", ambalo katika Kiswahili cha pwani ni jina la mnyama wa porini wa jamii ya nguruwe, mwenye vinundu usoni na meno marefu yaliyopinda, lina maana nyingine mbili zinazosikika kila siku katika mitaa ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi. Ya kwanza ni maradhi ya mshipa, yaani hali ya utumbo kujipenyeza mahali ambapo msuli umelegea. Ya pili ni shilingi elfu moja.

Tafsiri ya Kijerumani inasaidia kuzipambanua maana hizo. Carl Velten, aliyechapisha kamusi yake ya Kiswahili na Kijerumani mjini Berlin mwaka 1910, aliwaandikia wasomaji ambao mnyama huyu kwao ni "Warzenschwein", yaani nguruwe mwenye chunjua, na maradhi haya ni "Bruch", neno ambalo pia ndilo jina la mvunjiko. Elfu nayo ni "Tausend". Mjerumani, basi, anahitaji maneno matatu pale ambapo mkazi wa Pumwani hutumia sauti moja. Hata hivyo sarufi ya Kiswahili yenyewe huzitenga, kwa kuwa mnyama "amekimbia", maradhi "yamempata" au ngiri "imemsumbua", na fedha huhesabiwa "ngiri moja, ngiri mbili".

Ni kosa kudhani kwamba elfu ilipewa jina la mnyama, kama Waingereza wanavyoziita pauni 500 kwa jina la kima, au kama Wamarekani wanavyoiita dola "buck", neno la paa dume lililotokana na biashara ya ngozi za paa katika karne ya 18. Ngiri ya fedha haikutoka porini, imetoka katika Kikuyu, ambamo "ngiri" ndiyo elfu tangu hapo. Ni homonimu, yaani maneno mawili yenye asili mbalimbali yaliyokutana katika matamshi, na mahali palipofaa kwa makutano hayo ni Pumwani.

Serikali ya kikoloni iliianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika, na Waislamu wenye nyumba za Majengo, sehemu ya Pumwani, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya ujirani. Wao walihesabu kwa "elfu", neno lenye asili ya Kiarabu. Kando yao ilikua Gikomba, soko ambalo wafanyabiashara wake wengi ni Wakikuyu, na mnunuzi wa mitumba hulazimika kuelewa bei kwa lugha ya muuzaji kabla ya kuijibu kwa lugha yake. Kutokana na maisha ya namna hii ilizuka Sheng, mchanganyiko wa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya, ambayo Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliihusisha na vijana wa Eastlands, yaani mashariki mwa Nairobi, wa miaka ya 1970, ilhali Alamin Mazrui ameirudisha nyuma hadi miaka ya 1930. Kuiita Sheng lugha ya wahuni ni kuwanyima haki watu waliounda msamiati kamili wa fedha, "mbao" kwa shilingi 20, "finje" kwa 50, "soo" kwa 100, bila msaada wa mwalimu wala kamusi.

Noti ya shilingi 1,000 ilitolewa mwaka 1994, na kabla yake ngiri ilikuwa hesabu tu, iliyokamilishwa kwa noti ndogo kadhaa. Sarafu mpya za mwaka 2018 zilipambwa kwa twiga, kifaru, simba na ndovu. Ngiri hakupata nafasi. Noti ya zamani ya elfu ilipokoma kuwa halali kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019, wachuuzi wa Gikomba waliipokea mpya na kuendelea kuiita ngiri.